Maswali Kumi na Tisa kwa Yost Swarey

Kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nilibeba chupa tupu ya maziwa hadi kwenye ua unaotenganisha shamba la bibi yangu na shamba la akina Swarey. Niliiweka juu ya nguzo ya tatu kutoka langoni, nikachukua iliyojaa, nikarudi. Hapakuwa na mtu. Nilifanya hivyo tangu niliporudi kutoka chuoni, na niliipenda kazi ile kwa sababu haikudai salamu. Mimi huwasalimu watu vizuri zaidi kwa barua.

Jumanne moja ya Novemba nguzo ilikuwa tupu. Kando yake alisimama Yost Swarey mwenyewe, kofia yake nyeusi kichwani, umande umeganda kwenye ndevu, ameikumbatia chupa kifuani kama mtoto mchanga.

"Bibi yako ameamka?"

"Ameamka."

"Ana hasira?"

"Bado hajanywa kahawa."

"Basi nitasubiri anywe," akasema, huku tayari mguu mmoja ukiwa upande wetu wa ua.

Yost ni Mwamishi, mmoja wa Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, bila umeme wala magari ya kwao. Katika bonde letu hapa Pennsylvania, nyumba moja ni ya Waamishi na ya pili ni ya watu kama sisi, ambao wao wanatuita Waingereza, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona Uingereza. Hawana "bwana" wala "bibi" katika kuitana. Hata askofu wao anaitwa kwa jina lake kama ndama. Kwa hiyo alipoingia jikoni alisema tu, "Verda," na bibi yangu akasema, "Yost. Funga mlango, siwashi jiko kwa ajili ya mlima."

Alikaa. Akazungumzia baridi. Akazungumzia mtamba wake aliyekuwa karibu kuzaa. Akazungumzia baridi tena. Bibi alimwachia, akimiminia kahawa, kwa sababu alijua mtu huyu hafiki popote kwa njia iliyonyooka. Mwishowe Yost aliigeuza kofia yake mkononi mara mbili na kusema:

"Ile bunduki ya Merle. Bado unayo?"

"Iko kabatini. Kila siku inanisikiliza nikilalamika."

Merle alikuwa babu yangu. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Kwa miaka ishirini na sita, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, yeye na Yost walipanda mlima pamoja kabla ya mapambazuko, babu na koti lake la rangi ya machungwa, Yost na fulana ya rangi hiyo hiyo juu ya koti jeusi. Jioni walirudi wakibishana nani alikohoa na kumfukuza kulungu.

"Niuzie," Yost akasema.

"Wewe unazo mbili."

"Ninazo mbili."

"Na mikono yako ni miwili. Ya tatu utaishika na nini?" Bibi alicheka, lakini niliona macho yake yamelainika. Watu wengi walikuwa wameiulizia bunduki ile, na wote aliwafukuza. Mmoja alikuwa na kucha chafu. Mwingine aliiita "hiyo mali." "Ichukue. Ichukue leo leo, ningependa iende kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote chini ya jua hili."

Akanyoosha mkono. Yost akanyoosha wake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na jokofu, chupa ya maziwa mkononi, nikitaka kuwazuia.

Maana mimi hufanya kazi kwa wakili mjini, Wakili Roush, na kwa wiki tatu nilikuwa nikichapa karatasi za kesi moja. Mteja wetu alikuwa mkulima wa upande wa pili wa mlima, mtu mpole aliyefika ofisini na tai iliyofungwa vibaya. Aliuza bunduki ya kuwindia kwa rafiki yake wa miaka mingi, shemasi wa kanisa lake, bila ukaguzi wowote wa rekodi yake, wakapeana mikono yakaisha. Shemasi akampa bunduki mpwa wake. Mpwa huyo alikuwa mlevi, na wilaya nzima ilijua alivyokuwa akimpiga mke wake. Siku moja alimpiga shemeji yake risasi ya paja. Shemeji alipona, lakini anatembea na fimbo, na alipofungua kesi ya madai hakumshtaki mpwa peke yake. Alimshtaki na aliyeuza bunduki. Si kesi ya kwenda jela. Ni kesi ya fidia, kwamba ulizembea, kwa hiyo lipa. Na mteja wetu hakuwa na kitu cha kulipia isipokuwa shamba. Wakili wa upande wa pili alimwuliza swali moja tu kwa saa nzima, kwa maneno tofauti tofauti: "Ulimwuliza shemasi bunduki ni ya nani?" Nililichapa jibu lile mara nane. *Hapana. Nilimjua.*

"Bibi," nikasema. "Msishikane mikono."

Wote wawili walinigeukia. Mikono yao ilibaki hewani.

"Kumbe anayo sauti asubuhi," Yost akasema.

"Mara moja kwa mwaka," bibi akasema. "Una nini, mjukuu wangu?"

Nilieleza, na nilieleza vibaya. Nilianzia katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau kumtaja mpwa, nikamtaja. Nilisema kwamba mtu akiuza bunduki bila kumkagua mnunuzi, na bunduki ikaja kumdhuru mtu, anaweza kudaiwa hadi nyumba. Nilipomaliza, maziwa yalikuwa yametikisika hadi yakatoa povu.

Yost aliniangalia kwa upole. "Binti, mimi sitamshtaki bibi yako. Sisi hatuendi mahakamani. Hata ng'ombe wetu hawashtakiani."

"Si wewe," nikasema. "Ni huyo atakayeumizwa. Hatumjui. Labda yeye anakwenda."

Bibi aliushusha mkono wake na kuupangusia kwenye aproni, ingawa haukuwa umelowa.

"Namjua huyu tangu akiwa na meno ya utoto," akasema, bila kuniangalia. "Merle alipoanguka zizini, nani alikuja kukamua ng'ombe wetu siku arobaini na moja? Sasa nimwambie nini? Kwamba simwamini?"

"Sijasema humwamini."

"Ndicho kitakachosikika."

Hapo niliuona ugumu wake wote. Bibi alikuwa na nyumba moja na jirani mmoja. Hakutaka kuiweka nyumba rehani kwa ajili ya mkono wa salamu, na hakutaka kumpoteza jirani kwa ajili ya karatasi. Mimi ndiye niliyemleta mahali hapo, nimesimama na chupa.

Yost ndiye aliyetuokoa, kwa wakati ule. "Wanikague basi," akasema. "Kuna ubaya gani? Hata farasi hufunguliwa mdomo kabla ya kununuliwa. Twende dukani kwa Denny."

Tulikwenda Alhamisi, bibi akiendesha, Yost mbele, kofia imebonyea kwenye paa la gari, mimi nyuma kwa kuwa ofisi ilinipa nusu siku. Denny ana duka la silaha lenye leseni, na yeye mwenyewe ni mtu mkubwa kama mlango wa ghala. Alifurahi kutuona. Alieleza kwamba kazi ni rahisi: Yost anajaza fomu, yeye Denny anapiga simu kwa polisi wa jimbo, wanatazama jina, wanajibu, basi.

"Kitambulisho," akasema.

Yost akatoa kadi yake. Denny akaigeuza upande huu na upande huu, kisha akapumua.

"Haina picha, Yost."

"Haina."

"Lazima iwe na picha."

"Hilo siwezi." Yost alisema taratibu, bila ugomvi. Waamishi hawapigwi picha. Kwao ni kujichonga sanamu. Mwanamume huyu ana miaka hamsini na minne na uso wake haujawahi kukaa kwenye karatasi yoyote.

"Denny Ulsh," bibi akasema, "unamjua mtu huyu."

"Namjua! Mama yangu hula mayai yake kila siku. Lakini serikali haili mayai." Alikuwa ameona haya kweli. Alijikuna shingoni, akainama chini ya kaunta, akatoa nakala tupu ya fomu. "Chukueni angalau mkaisome. Mkiichoka, mkawashie jiko."

Njiani kurudi tulifika darajani. Kisha bibi akasema, "Yaani njia pekee ya kukukagua imefungwa kwa sababu wewe ni mcha Mungu kupita kiasi."

"Fronie hatakubali ukisema mimi ni mcha Mungu kupita kiasi," Yost akajibu. Fronie ni mke wake. Bibi alicheka hadi gari likayumba, na mimi nyuma nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ijumaa nilimwuliza Wakili Roush. Huwa simwulizi mambo yangu, lakini nilikuwa nimeliandika swali kwenye karatasi ili nisisahau maneno. Alilisoma akiwa amesimama, huku akila tofaa.

"Kwa bunduki ya kuwindia, jirani kwa jirani, sheria ya jimbo letu haimlazimishi bibi yako kumkagua mtu," akasema. "Lakini kutolazimishwa si kinga. Mahakama ya madai haiulizi tu kama ulivunja sheria. Inauliza, mtu mwangalifu angefanya nini?"

"Angeuliza," nikasema.

"Angeuliza, angeandika, angetia sahihi, angehifadhi. Na baada ya kuuliza?"

Niliitazama karatasi yangu.

"Angesikiliza jibu. Mteja wetu hata angeuliza, sidhani kama angesikiliza." Akatupa kiini cha tofaa kwenye kapu. "Mwambie bibi yako anisalimie huyo jirani. Mayai yake ni mazuri sana."

Basi Jumamosi alasiri bibi alitandika kitambaa cheupe mezani, kile cha Krismasi. Alioka pai ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Alivaa miwani yake ya kanisani. Fomu ya Denny ilikuwa na maswali mengine ya wenye duka tu. Mengine kumi na tisa nilikuwa nimeyanakili kwa mkono, kwa wino, nikiacha nafasi ya majibu. Bibi angesoma, Yost angejibu, mimi ningeandika. Kazi ya kuandika nilifurahi kupewa.

Yost alikuja amechana ndevu.

"Swali la kwanza," bibi akasoma, kwa sauti ya mtangazaji wa minada. "Je, wewe ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii, au unamnunulia mtu mwingine?"

Yost aliitazama pai.

"Anzia la pili," akasema.

"Hili ndilo jepesi kuliko yote."

"Ndiyo maana. Jepesi liwe la mwisho, nikiwa nimechoka."

Bibi alinitazama juu ya miwani. Nilipiga mstari mdogo kando ya swali la kwanza, nikaacha nafasi tupu.

"La pili. Je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai?"

"Hapana."

"La tatu. Je, unasakwa na vyombo vya sheria, umetoroka?"

"Jumanne Fronie alinitafuta shamba zima. Nilikuwa hapa."

"Andika hapana," bibi akaniambia.

"Andika alipatikana," Yost akasema.

"La nne. Je, unatumia bangi, au dawa yoyote ya kulevya?"

"Kiko kimoja cha tumbaku ghalani baada ya chakula. Fronie anadhani nimeacha."

"Fronie anajua, Yost."

"Anajua?"

"Alinieleza mwaka jana. Anasema anakuacha kwa sababu ukivuta huimbi."

Yost alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. Tuliendelea hivyo. Kama aliwahi kuukana uraia wake: hapana, lakini aliwahi kufikiri kuhamia Ohio. Kama kuna amri ya mahakama inayomzuia kumsogelea mtu fulani: hapana, ila kuna bata mzinga mmoja wa Fronie. Kama aliwahi kufukuzwa jeshini: alicheka hadi akakohoa, kwa kuwa wao hawashiki silaha dhidi ya binadamu hata wakipigwa. Alipoulizwa kama aliwahi kulazwa kwa amri ya hakimu kwa ugonjwa wa akili, aliacha mzaha, akasema hapana, lakini dada yake mdogo alilazwa, na akasema jina lake, Barbara, na bibi akasema, "Nakumbuka. Alikuwa na nywele nzuri." Nililiandika jibu tu, sikuandika nywele.

Nilikuwa nimeogopa kwamba kila swali lingekuwa kofi. Lakini nilipowatazama niliona wanafurahia. Miaka yote ile walikuwa wamezungumzia nyasi, na maziwa, na magoti yao. Hakuna aliyewahi kumwuliza Yost Swarey maswali kumi na nane mfululizo na kusubiri jibu. Alikula vipande viwili vya pai. Kufikia la kumi na tisa alikuwa amevua koti.

"Yamekwisha," bibi akasema. "Limebaki la kwanza. Umechoka?"

"Nimechoka."

"Wewe ndiye mnunuzi halisi, au unamnunulia mtu mwingine?"

Saa ya ukutani iligonga nusu. Yost alizikusanya chembe za pai kwa kidole, moja moja, akaziweka ukingoni mwa sahani. Waamishi hawaapi, kwa sababu ndiyo yao ni ndiyo na siyo yao ni siyo. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza jambo moja kwa moja, amekwisha.

"Ni ya Ammon," akasema.

Kalamu yangu ilisimama. Ammon ni mwanawe wa tatu, ana miaka ishirini na mitatu, alioa mwaka jana, na anaishi na mkewe Lomie katika nyumba ndogo nyuma ya ghala. Niliwaza juu ya shemasi, na mpwa, na lile jibu nililolichapa mara nane.

Bibi alivua miwani. "Mbona hukusema Jumanne?"

"Ingekuwa zawadi. Zawadi haisemwi."

"Na mbona hakuja mwenyewe?"

"Hajui."

"Yost."

"Amekuwa kimya, Verda." Sasa maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayevuka mto akitafuta mawe. "Tangu mavuno. Tunakamua pamoja, hasemi. Tunakula, hasemi. Namkuta kasimama mwisho wa shamba anatazama mlima. Nikadhani, ni kijana, ameoa, hana bunduki yake mwenyewe, anaazima yangu kama mtoto. Nikadhani nikimpa ya Merle…"

Bibi aliikunja miwani yake. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu nilikuwa nakifikiri pia. Kijana aliyenyamaza tangu mavuno, anayesimama peke yake mwisho wa shamba: je, huyo ni mtu wa kumpelekea bunduki nyumbani? Huenda hakuna lolote. Huenda lipo. Kumjua Yost hakukutosha tena, na Yost mwenyewe, nilivyomwona uso, alikuwa amelifikia jambo hilo wakati ule ule. Alikuwa amebadilika rangi.

"Sikufikiri hivyo," akasema.

"Najua hukufikiri," bibi akasema. "Mjukuu wangu, nenda kamwite Ammon."

Mimi! Lakini nilikwenda. Niliruka ua kwenye nguzo ya tatu, nikapita banda la kuku. Ammon alikuwa anatengeneza gurudumu la kigari chao cha farasi, mikono ina grisi, miwani imeteremka puani. Tumekua pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu, na katika maisha yetu yote nadhani tumesemezana maneno mia mbili. Ni mtu pekee ninayemjua anayeona haya kuliko mimi, na kwa sababu hiyo huwa simwonei haya sana.

"Wanakuita kwa bibi."

"Nani?"

"Baba yako na bibi. Wana maswali ya kukuuliza. Kuhusu bunduki."

"Bunduki gani?"

"Ya babu Merle. Baba yako anakununulia."

Ammon aliketi juu ya gurudumu. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna maandishi, akaivaa tena. "Lomie ameniambia niseme," akasema. "Kila siku ananiambia, sema, sema." Sikumwuliza aseme nini. Tulitembea hadi kwetu bila neno lingine, na haikuwa vibaya.

Bibi alimkatia pai kwanza. Ammon aliishika sahani kwa mikono miwili. Yost alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama jeraha asilojua kina chake. Kisha bibi akavaa miwani na kusoma tena, swali moja moja, kwa sauti ya chini, bila utangazaji wa minada. Ammon alijibu hapana, hapana, hapana. Lile la kulazwa, hapana. Bibi akaongeza la kwake, ambalo halikuwa kwenye fomu:

"Na moyoni, Ammon? Una giza lolote? Hapa hakuna anayehukumu."

"Hapana, Verda," akasema, akashangaa kweli. "Mimi ni mzima. Lomie ana mimba."

"Ana nini?" Yost akasema.

"Ilikuwa tuwaambie Jumapili."

Bibi alipiga makofi, na kwa dakika nzima mambo ya bunduki yalisahaulika. Bibi alibusu sahani aliyoishika, sijui kwa nini. Nilitazama karatasi yangu. Majibu yote yalikuwa yamekaa mahali pake. Mtu mwangalifu angeweza kutia sahihi hapo. Yost alikuwa ameanza kutabasamu, mkono wake ukielekea kwenye kalamu, na bibi anausogeza wino. Lakini Ammon hakuwa anatabasamu. Alikuwa anatazama kabati ambamo bunduki ilikuwamo, na nikaona kwamba katika maswali yote kumi na tisa ya serikali, moja lilikuwa halimo.

"Unaitaka?" nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Ammon aliniangalia, na nikajua kwamba nimefungua mlango aliokuwa anausukuma kutoka ndani.

"Hapana," akasema.

Yost hakuelewa. "Hapana nini?"

"Siitaki, Baba. Sitaki kuwinda. Sijawahi kutaka."

"Umewinda tangu una miaka kumi na miwili!"

"Nimekwenda tangu nina miaka kumi na miwili." Aliisogeza sahani ya pai kando. "Sijawahi kumlenga hata mmoja. Huwa napiga juu."

"Lile dume," Yost akasema. Alisimama, akakaa. "Lile dume la pembe zenye ncha kumi na mbili. Pale kwenye mwamba. Hatua arobaini!"

"Nililenga mti wa mwaloni. Ule mti niliupiga vizuri sana."

"Nilikupeleka kwa daktari wa macho!"

"Daktari alisema naona sawasawa. Wewe ukamwambia atazame tena." Ammon alivua miwani na kuiweka juu ya kitambaa cha Krismasi. "Ya nguvu ndogo kabisa. Alinionea huruma."

Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa aproni. Mabega yake yalitikisika. Mimi nililiinamia karatasi, nikaandika chochote, nadhani niliandika "mwaloni." Na Yost Swarey, ambaye nilidhani angekasirika, alikaa tu, mikono yake mikubwa imelala mezani, akiitazama ile miwani.

"Ndiyo maana ulikuwa kimya," akasema.

"Msimu ulikuwa unakaribia. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia. Nilikwenda mwisho wa shamba nikajifunza maneno. Nikirudi, yanapotea." Akakwaruza grisi kwenye kidole chake. "Najua unapenda kule juu. Sikutaka uone nimekudharau."

"Haya," bibi akasema, akijifuta macho, "mauzo yamekufa. Bunduki inarudi kabatini, na mimi nyumba yangu iko salama, na nimepata habari ya mjukuu wa jirani, yote kwa pai moja." Akanigeukia. "Iandike hiyo."

Lakini Yost hakuwa amemaliza. Aliigeuza kofia mara mbili, nikajua kuna jambo linakuja kwa njia ndefu. Akasema kwamba mlimani asubuhi ni pazuri. Akasema theluji ikianguka usiku, unaona nyayo za sungura. Akasema Fronie humfungia soseji kwenye mkate, nyingi mno kwa mtu mmoja, na kahawa ndani ya themosi, na kwamba mwaka jana aliirudisha nusu. Akasema lile jukwaa la mbao juu ya mti, alilolijenga na Merle, lina viti viwili, na kwamba Ammon huwa mbali, kule kwenye mwamba.

"Yost," bibi akasema kwa upole. "Sema."

Uso wa Yost ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Alimtazama mwanawe.

"Mimi sikujali kulungu," akasema. "Njoo bila bunduki. Merle hayupo, na kule juu ninakaa peke yangu, na nilitaka ukae nami."